RAID 5 yangu: nimebadilisha diski zote nne kuwa za TB 4, nafasi imegoma kuongezeka. Msaada wakuu

Kamera_Sinza · #1

Wakuu, habari za usiku. Naomba mnivumilie, nitaeleza kwa urefu ili tusipotezeane muda kwa maswali ya kurudi nyuma.

Nina studio ndogo hapa Sinza. Tunapiga na kuhariri video za harusi, send-off, kitchen party na kipaimara. Kazi zote zinakaa kwenye seva moja ya Linux niliyoiunda mwenyewe mwaka 2015: diski nne za TB 2, RAID 5 (diski zinaunganishwa kama moja, na moja ikifa data haipotei) ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, juu yake ext4, mfumo wa mafaili. Nafasi ya kutumia ilikuwa TB 6, ambayo `df -h` inaionyesha kama 5.5T. Ilitosha kwa miaka mingi. Tulipohamia 4K ndipo shida ilipoanza. Kamera zetu zinaandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani GB 45 kwa saa. Kamera mbili, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku, ni GB 540 kwa harusi moja. Desemba tunakuwa na harusi kila Jumamosi, nyingine mpaka Jumapili.

Miezi kadhaa iliyopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya nusu saa, na UPS yangu betri ilikuwa imechoka. Asubuhi nikakuta `[4/3] [UU_U]`, yaani kati ya diski nne zinazofanya kazi ni tatu. Nikaenda Kariakoo, diski mpya ya TB 2 hakuna duka lililokuwa nayo, nikachukua ya TB 4. Nikanakili mpangilio wa patisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa) kutoka diski moja isiyo na ubovu:

`sfdisk -d /dev/sda | sfdisk /dev/sdc`

Nikaiingiza kwenye RAID, ikajijenga kwa saa sita hivi, ikarudi `[UUUU]`. Nafasi haikuongezeka na sikushangaa, kwa sababu najua RAID 5 inampimia kila mwenzie kwa kipimo cha aliye mdogo. Nikaamua kila nikipata hela nabadilisha diski moja, kwa njia ile ile. Juzi nimemaliza ya nne.

Sasa zote ni TB 4 na bado nasoma 5.5T. Nimejaribu `mdadm --grow /dev/md0 --size=max`, jibu ni hili:

`mdadm: component size of /dev/md0 unchanged at 1953382400K`

Na `/proc/mdstat`:

```
md0 : active raid5 sdd1[8] sdc1[5] sdb1[7] sda1[6]
      5860147200 blocks super 1.2 level 5, 512k chunk, algorithm 2 [4/4] [UUUU]
```

Nimetumia hela nyingi kwenye hizi diski na nimeanza kujiuliza kama nimeuziwa feki. Jumamosi nina harusi na nimebakiwa na nafasi ndogo sana. Nisaidieni.

Chuma_Mabibo · #2

Mkuu, vunja RAID, fomati zote, anza upya. Nusu saa umemaliza.

DadaSeva · #3

Kamera_Sinza, tafadhali usifuate ushauri wa #2. Chuma, najua umesema kwa nia njema, lakini kwenye hizo diski kuna harusi za watu. Ndoa hairudiwi ili ipigwe picha upya.

Kwanza naomba usiendelee kuendesha amri yoyote ya mdadm mpaka tuelewane. Hiyo `--grow` uliyoijaribu haijaharibu kitu, imekuambia tu kwamba haioni pa kukua. Hiyo ni habari nzuri, maana tatizo liko chini ya RAID na siyo ndani yake.

Naomba vitu vitatu. Tuma majibu ya `lsblk -b`, ya `fdisk -l /dev/sda`, na ya `mdadm -E /dev/sda1`. Halafu nijibu kwa ukweli: bakapu ya hizo data iko wapi?

Kamera_Sinza · #4

Asante dada. Majibu ya sda haya hapa, zingine tatu zinafanana nayo:

```
sda    4000787030016  disk
sda1   2000397885440  part

Disklabel type: dos

 Avail Dev Size : 3906764800 sectors
  Used Dev Size : 3906764800 sectors
```

Kuhusu bakapu, ukweli ni kwamba nina nakala za harusi ambazo wateja hawajachukua, basi. Zilizobaki ziko humo humo tu. Kwa jumla nimetumia kama TB 4.1.

DadaSeva · #5

Basi jibu tunalo, na diski zako zinajitambulisha sawasawa. 4000787030016 ndiyo idadi ya baiti za diski ya kawaida ya TB 4. Angalia mstari unaofuata: sda1 ina baiti 2000397885440. Hiyo ni patisheni ya TB 2 iliyokaa ndani ya diski ya TB 4.

Nitakueleza kwa kiwanja. Umenunua kiwanja Goba, mara mbili ya kile cha zamani. Ulipofika, ukachukua mchoro wa kiwanja cha zamani na kuchimbia bikoni kwa vipimo vile vile. Hicho ndicho kilichofanywa na `sfdisk -d`: inanakili mpaka kama ulivyo, namba kwa namba. Nusu ya kiwanja imebaki nje ya bikoni na hakuna aliyeitazama. Kisha mdadm naye ana hati yake, imeandikwa karibu na mwanzo wa patisheni, inayotaja ukubwa wa eneo. Na juu kabisa kuna nyumba, ext4, yenye kuta zake. Ukisogeza bikoni, hati haijibadilishi yenyewe. Ukibadilisha hati, nyumba haijiongezi chumba. Kila tabaka linaambiwa kwa zamu yake, kuanzia chini kwenda juu. Ukiruka moja, la juu yake linakujibu `unchanged` na linasema kweli.

Wewe una kikwazo kimoja cha ziada. `Disklabel type: dos` maana yake ni MBR, jedwali la zamani la patisheni. MBR inahesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa namba ya biti 32. Kwa sekta za baiti 512 ukomo ni baiti 2,199,023,255,552, yaani TB 2.2. Kwa hiyo hata ukivuta bikoni leo, utaishia TB 2.2 na utarudi hapa kuuliza ziko wapi zingine. Lazima kwanza uhamie GPT, jedwali jipya zaidi lisilo na ukomo huo.

Bahati yako nyingine ni `super 1.2`. Hati ya toleo hilo inakaa mwanzoni mwa patisheni. Ingekuwa 0.90 au 1.0 inakaa mwishoni, na ukiongeza urefu wa patisheni mdadm anaenda kuitafuta kwenye mwisho mpya, haikuti, na diski inaonekana haina RAID kabisa. Wasomaji wengine wa uzi huu, angalieni hilo kabla ya kuiga chochote.

Lakini sitakupa amri hata moja ya kubadilisha mpaka useme bakapu ipo. RAID inakulinda diski ikifa. Haikulindi na kidole chako mwenyewe kikikosea herufi moja kati ya sda na sdb.

Kamera_Sinza · #6

Nimekuelewa vizuri sana dada, nimesoma mara mbili. Kuna jirani yangu wa steshenari ana diski ya nje ya TB 8, amekubali kuniazima. Naanza kunakili usiku huu.

Kigamboni_IT · #7

Naongezea jambo alilolipita DadaSeva. Hizo diski zimejijenga vizuri, ndiyo, ila RAID imeandika na kusoma TB 2 za mwanzo tu. Nusu ya pili ya kila diski haijawahi kuguswa tangu itoke dukani. Kwa hiyo `[UUUU]` yako haithibitishi chochote kuhusu nusu hiyo. Ukikuza leo, RAID itaingia eneo geni kwenye diski nne kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukuza, endesha kwa kila moja:

`smartctl -t long /dev/sda`

Kipimo hicho kinasoma uso wote wa diski. Kwa TB 4 kinaweza kuchukua saa nane hivi. Unaweza kuzipima zote nne kwa pamoja usiku, seva ikiwa haina kazi. Asubuhi soma `smartctl -a`, hasa mistari ya Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizohamishwa) na Current_Pending_Sector (sekta zinazoshindwa kusomeka). Unataka sifuri.

DadaSeva · #8

Kigamboni_IT, umenipita na nakushukuru. Kamera_Sinza, fanya hivyo bakapu ikishamaliza. Usipime huku unanakili, utaziumiza kichwa bure.

KijanaWaTabata · #9

Wakuu, samahani naingilia, ila mimi nina shida iliyo kinyume cha hii. RAID 1 (kila diski ina nakala ile ile) ya diski mbili za TB 1. Moja imekufa, nimenunua TB 1 mpya, mfano ule ule kabisa, mdadm anakataa: `not large enough to join array`. TB 1 na TB 1 zinatofautianaje?

DadaSeva · #10

Zinaweza kutofautiana, mdogo wangu. "TB 1" ya kwenye boksi ni jina la sokoni, mdadm anahesabu sekta. Ikipungua hata moja anakataa, na ana haki, maana angeweka wapi data ya sekta iliyokosekana? Lete jibu la `hdparm -N` la diski mpya.

KijanaWaTabata · #11

`max sectors = 1953523055/1953525168, HPA is enabled`

DadaSeva · #12

Ndiyo hiyo. Diski ina sekta 1953525168 lakini inaonyesha 1953523055. Sekta 2113, kama MB 1 tu, zimefichwa mwishoni, na eneo hilo lililofichwa ndilo HPA. Kuna mazabodi za zamani ambazo zikiona diski mpya hujikatia kipande hicho zihifadhi nakala ya BIOS bila kukuuliza. Ingia BIOS uzime kwanza hiyo huduma ya kuhifadhi nakala, la sivyo itakata tena. Kisha rudisha:

`hdparm -N p1953525168 /dev/sdb`

Hiyo herufi `p` ndiyo inayofanya badiliko lidumu. Zima mashine kabisa, usiwashe upya tu, halafu iwashe na uangalie tena `hdparm -N`. Hakikisha diski hiyo ni mpya na haina kitu ndani. Na siku ukiunda RAID nyingine, tengeneza patisheni na uache MB 100 mwishoni bila kutumika. Ni nafasi ndogo mno kuikosa, na itakuokoa siku utakayoletewa diski iliyopungua kidogo.

KijanaWaTabata · #13

Imekubali dada! Inajijenga sasa, 4%. Mungu akubariki.

MzeeWaWaya · #14

Vijana, mimi nimefunga seva tangu enzi za SCSI. Wengine mtakutana na jambo hili hili kwenye kadi za RAID za zamani, siyo Linux peke yake. Kadi nyingi za zamani haziwezi kuona zaidi ya TB 2.2 kwa kila diski, kwa sababu ile ile ya biti 32. Nyingine zinakata, nyingine zinazunguka na kuanza kuhesabu upya. Niliwahi kuletewa diski ya TB 3 inayosomeka GB 801 tu, fundi wa kwanza amemwambia mwenye mali ni mbovu. Toa TB 2.2 kwenye TB 3 uone kinachobaki. Diski ilikuwa nzima. Kiunganishi cha USB cha zamani kinafanya hivyo hivyo. Ukiona namba ya ajabu, hamishia diski kwenye mlango wa SATA wa mazabodi mpya kabla ya kugombana na mwenye duka.

KijanaWaTabata · #15

Shikamoo mzee. Kumbe ndiyo maana.

MzeeWaWaya · #16

Marahaba mwanangu.

Kamera_Sinza · #17

Mrejesho wakuu. Kunakili kulichukua saa kumi na mbili na dakika. Nimetengeneza pia orodha ya `sha256sum` ya mafaili yote kwenye diski ya nje, ili baadaye nilinganishe.

Halafu nikaendesha kipimo kirefu usiku mzima, feni mbili zikipuliza maana chumba kile kina joto hata mvua ikinyesha. Asubuhi sda, sdc na sdd ziko safi. sdb imenitoa jasho:

```
# 1  Extended offline    Completed: read failure
197 Current_Pending_Sector      16
```

Na sekta ya kwanza iliyoshindikana iko kwenye bilioni tano na ushee. Patisheni yangu inaishia bilioni 3.9. Yaani ubovu uko nusu ya pili, kule ambako RAID haijawahi kufika. Kigamboni_IT, ningekuza siku ile nilivyotaka, ingenifia katikati ya kazi. Sijui nikushukuruje kaka.

Nifanyeje sasa? Diski ina waranti ya mwaka kutoka dukani.

Kigamboni_IT · #18

Asante kushukuru, pole kwa usumbufu. Usiichomoe kwanza. Ukiichomoa, RAID 5 yako inabaki bila kinga mpaka mpya ijijenge. Kama una mlango wa tano wa SATA, chomeka diski mpya pembeni sdb ikiwa bado ndani, kisha tumia `--replace`. mdadm atanakili kutoka sdb kwenda mpya, na akikuta sehemu isiyosomeka atachukua kwa wenzake. Kinga haipotei hata dakika moja.

DadaSeva · #19

Sahihi kabisa. Na hiyo mpya iundie GPT na patisheni ya ukubwa kamili tangu mwanzo, ianzie sekta 2048 kama wenzake. Ipime kirefu kabla hujaiingiza. Najua ni saa nane nyingine. Zisubiri.

Chuma_Mabibo · #20

Mimi nimejifunza hapa. Nafuta kauli yangu ya #2. Swali: kwa nini asiachane na RAID 5 moja kwa moja? Nasikia na diski kubwa ni hatari.

DadaSeva · #21

Swali zuri Chuma. Hofu inatoka hapa: diski nyingi za kawaida watengenezaji wanaziandikia kiwango cha kosa moja la kusoma kisichozidi kwenye biti 10^14, ambazo ni kama TB 12.5. RAID 5 yake ikikua, siku diski moja ikifa itabidi zisomwe tatu zilizobaki nzima, TB 12. Ukizipanga namba hizo mbili unaona kama lazima ishindwe. Mimi sizisomi hivyo. Hicho ni kiwango cha juu cha kosa ambacho mtengenezaji anakubali kukiandika kwenye karatasi, na diski isiyo mbovu kwa kawaida hufanya vizuri zaidi. Lakini upande wa hatari Chuma hajakosea, na diski nne zinazotembea umri mmoja zinazeeka pamoja.

RAID 6 kwa diski hizo nne ingempa TB 8 badala ya 12, na zinaweza kufa zozote mbili bila kupoteza data. Ushauri wangu: akuze sasa kama RAID 5 kwa sababu ana bakapu, apange diski ya tano, kisha ageuze kuwa RAID 6 na abaki na TB 12 zake. Na kila mwezi aendeshe ukaguzi:

`echo check > /sys/block/md0/md/sync_action`

Diski yenye ubovu uliojificha ikamatwe wenzake wakiwa wazima. Kwa maoni yangu ukaguzi huu unaokoa data za watu wengi kuliko mabishano ya RAID 5 na 6, na wengi wetu hatuuendeshi.

Kamera_Sinza · #22

Wakuu, nimekaa kimya siku tatu, nilikuwa kazini na hili. Naweka hatua zote kama nilivyozifanya.

Dukani Kariakoo walitaka diski mbovu kwanza ndipo watoe nyingine. Nikawaonyesha karatasi ya kipimo, nikaacha hela ya dhamana, wakanipa mpya. Nikaipima, safi. Nikaiingiza kama sde:

```
mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1
mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdb1 --with /dev/sde1
```

Saa sita baadaye sdb1 ikawekwa alama ya `(F)`, yaani imeondolewa kazini, nikaitoa, nikairudisha dukani, nikapewa dhamana yangu.

Kisha usiku, kazi zikiwa zimesimama, nikaanza kukuza. `umount` ilikataa, `target is busy`. Ilikuwa ni Samba, huduma ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao: kompyuta ya mhariri ilikuwa bado imeshikilia folda. Nikasimamisha smbd, ikakubali. Nikasimamisha RAID:

`mdadm --stop /dev/md0`

Nikahifadhi majedwali ya zamani kwenye flashi, `sfdisk -d` kwa kila diski kwenda faili lake, na namba za kiwandani za kila diski (serial number) nikaziandika kwa kalamu nilinganishe na lebo ya diski yenyewe, ili nisichanganye majina. Halafu kwa sda, sdc na sdd:

```
sgdisk -g /dev/sda
parted /dev/sda resizepart 1 100%
```

Baada ya kila moja nilihakikisha mwanzo umebaki 2048. Mwanzo ukihama hata sekta moja mdadm haioni hati yake, kwa hiyo niliangalia mara mbili mbili.

Nikaiwasha RAID kawaida, nikajaribu `--grow --size=max`. Jibu likaja lile lile, `unchanged at 1953382400K`. Hapo mikono ililegea. Patisheni zote zilikuwa TB 4, nimeziona kwa macho yangu. Ndipo nikakumbuka mfano wa hati. Nikaendesha `mdadm -E` kwa kila moja: sde1 ilisoma Avail Dev Size sekta 7813771264, lakini sda1, sdc1 na sdd1 bado zilisoma 3906764800. Bikoni zimesogea, hati bado za zamani. Nikampigia DadaSeva ujumbe wa faragha saa 5 usiku, akajibu. Samahani tena dada kwa muda ule. Dawa ilikuwa hii:

```
mdadm --stop /dev/md0
mdadm --assemble /dev/md0 --update=devicesize /dev/sda1 /dev/sdc1 /dev/sdd1 /dev/sde1
```

Nikaangalia tena `-E`, zote nne 7813771264. Nikaondoa bitimapu (ramani ya RAID ya sehemu zinazoandikwa) kwa muda kwa `--grow --bitmap=none`, kisha:

```
mdadm --grow /dev/md0 --size=max
mdadm: component size of /dev/md0 has been set to 3906885632K
```

Nilisoma mstari huo nikaita mke wangu aje auone, ingawa hajui mdadm ni nini.

RAID ilioanisha eneo jipya kwa saa tano na nusu. Niliiacha imalize, nikarudisha bitimapu kwa `--bitmap=internal`, nikaendesha `e2fsck -f /dev/md0`, kisha `resize2fs /dev/md0`. Sasa:

```
11720656896 blocks super 1.2 level 5 [4/4] [UUUU]
/dev/md0   11T  3.8T  6.6T  37%  /data
```

MzeeWaWaya · #23

Hongera sana mwanangu. Kazi ya kiutu uzima hiyo.

KijanaWaTabata · #24

Hongera kaka. Ila 11T ukitoa 3.8T mbona haiji 6.6T?

DadaSeva · #25

Jicho zuri. Kuna mawili. Kwanza `df -h` inakuza tarakimu, halisi ni 10.9, na inahesabu kwa 1024, ndiyo maana TB 12 za dukani zinasomeka hivyo. Pili, ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi wa mfumo, ili mfumo usikwame diski ikijaa. Kwenye TB 12 hiyo ni GB 600, zaidi ya harusi moja nzima ya Kamera_Sinza. Kwa diski ya data tu ambayo mfumo wenyewe haukai humo, asilimia 1 inatosha:

`tune2fs -m 1 /dev/md0`

Na kwa wenye safu kubwa zaidi: ext4 iliyoundwa zamani bila kipengele cha 64bit haivuki TiB 16 (TB kwa hesabu ya 1024). Angalieni kwa `tune2fs -l` kabla hamjanunua diski.

Kamera_Sinza · #26

Nimefanya, Avail imepanda mpaka 7.0T. Na `sha256sum -c` imemaliza mchana huu. Mafaili yote OK, hakuna hata moja lililotofautiana. Nimefungua pia harusi ya kwanza kabisa niliyoipiga, ya mwaka 2015, nikaiangalia mpaka mwisho.

Jambo la mwisho. Zile TB 2 tatu nzima za zamani kuna mtu anazitaka. Niziuze?

DadaSeva · #27

Kuna sura za wateja wako humo, na kipande cha diski moja ya RAID 5 bado kinaweza kusomeka kwa mwenye nia. Ningekuwa wewe ningebaki nazo ziwe za bakapu. Ukiamua kuziuza, `shred -n 1` kwa kila moja kwanza, izunguke mpaka mwisho. Ukibaki nazo, futa hati ya zamani kwa `mdadm --zero-superblock` kabla hujazichomeka kwenye seva ile ile. La sivyo zitajitambulisha kama md0 ya zamani, na siku moja utawasha mashine ukute md127 usiyoijua.

Kamera_Sinza · #28

Nabaki nazo. Nimefuta hati zote tatu, `mdadm -E` inasema `No md superblock detected`. Diski ya jirani nitamrudishia Jumatatu, nikishanunua ya kwangu ya nje. Betri ya UPS nimeshabadilisha. Kesho saa 10 jioni tunafunga kamera ukumbini Mwenge.